Duka la Modeli Halipo, Vifaa Vimejaa Mjini

Leo nina maneno na watu ambao redio huwasahau: wale wanaotengeneza vitu vidogo vinavyofanana na vikubwa. Nakusudia mwanafunzi wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu Ardhi ambaye Jumatatu anatakiwa kupeleka modeli ya nyumba, na leo ni Ijumaa. Nakusudia fundi wa Lamu anayechonga jahazi la kuweka juu ya kabati. Yumo mstaafu aliyeamua kujenga stesheni ya reli juu ya meza ya chakula, mkewe akivumilia, na yumo mwalimu wa sekondari anayetaka darasa lake lione mlima na bonde kwa macho badala ya kuvisikia mdomoni mwake tu. Wote hao huuliza swali lile lile: vifaa nanunua wapi?

Nianze na habari mbaya. Ukizunguka Kariakoo kutwa nzima ukitafuta duka lenye bango la vifaa vya modeli, utarudi nyumbani na miguu imevimba. Ulaya, Marekani na Japani maduka hayo yapo. Unaingia, unakuta ubao wa balsa umekatwa tayari kwa unene wa milimita moja, rangi zimepangwa kwenye vikopo vya mililita 14, nyasi za bandia ziko kwenye pakiti. Kwetu kazi hii haina wateja wa kulisha duka zima. Habari njema ni kwamba karibu kila kilichomo katika duka lile kipo mjini, ila kimetawanyika katika biashara za watu wengine. Kazi yako ni kujua kipo kwa nani.

Mimi nina kanuni moja ya kutafutia: mfuate mtu ambaye kazi yake ni ndogo kama yako. Sonara, fundi saa, fundi simu, daktari wa meno, daktari wa upasuaji, hao wote wanashughulika na milimita. Vifaa vyao ndivyo vyako. Kwa upande wa malighafi kanuni ni nyingine kabisa: mfuate mtu ambaye kazi yake ni kubwa, kwa sababu mabaki yake, yale anayoyafagia jioni, kwako ni mali. Kwa hiyo fedha yako iende kwenye chombo, na malighafi uziombe. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunanunua ubao wa bei, halafu tunaukata kwa wembe wa kunyolea.

Tuanze na kisu, maana hapo ndipo modeli nyingi zinapoharibika kabla hazijaanza. Watu hununua kile kisu cha plastiki cha kusukuma kwa kidole gumba, kinachouzwa maduka ya vifaa vya shule. Kinafaa kukatia maboksi. Ukikipa kazi ya kutoboa dirisha dogo kuliko ukucha, wembe unayumba ndani ya plastiki yake na pembe zinatoka mviringo. Badala yake ingia duka la vifaa vya hospitali. Kila mji wenye hospitali kubwa una maduka hayo. Omba mpini namba 3 na wembe namba 11. Hizo namba ni za dunia nzima, muuzaji atakuelewa iwe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Mpini namba 3 unapokea wembe namba 10, 11, 12 na 15. Mpini namba 4 ni mpana zaidi na unachukua wembe kuanzia namba 20, kwa hiyo ukichanganya hautaingia, na usilazimishe. Namba 11 ndiyo yenye ncha ndefu iliyochongoka, inayofika pembeni mwa dirisha bila kuvuka mstari. Muuzaji anaweza kukutazama na kukuuliza wewe ni daktari wa wapi. Mwambie unajenga nyumba, mtacheka, mtauziana.

Wembe huo huja umefungwa mmoja mmoja ndani ya foili, na kwa kawaida boksi lina 100. Usishtuke na boksi zima, utazimaliza. Ule wa chuma cha kaboni ni mkali zaidi kuliko wa chuma kisichoshika kutu, lakini hewa yetu ya pwani ina chumvi, ukiuacha mezani wiki moja unapata madoa ya kahawia. Upitishie tone la mafuta ya cherehani. Kubadilisha wembe tumia koleo, usitumie vidole. Uliokwisha weka ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa, hasa kama nyumbani kuna watoto. Na unapokata, usikandamize. Pitisha kisu mara nne kwa wepesi juu ya mstari ule ule, ukiongozwa na rula ya chuma. Anayetaka kumaliza kwa mkato mmoja huishia kukata rula, meza, na mara nyingine kidole.

Kutoka hospitalini twende Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa watu wa simu. Hapo utapata vibano vyenye ncha kama sindano, vilivyonyooka na vilivyopinda, bisibisi ndogo, na lenzi za kuvaa kichwani zenye taa. Kibano cha fundi simu ni bora mara kumi kuliko kile cha kung'olea nyusi. Kabla hujalipa, kifunge ukielekeze kwenye mwanga. Ncha zikigusana sawasawa bila kuacha upenyo wala kupishana, chukua. Zikipishana, mrudishie kijana wa watu na umshukuru.

Sonara ana tupa ndogo, zile zinazouzwa kwa seti: ya duara, ya bapa, ya pembe tatu, ya mraba, ya nusu duara. Ana pia msumeno wenye uzi mwembamba kama unywele, unaokata shaba na mpingo kwa mkunjo wowote unaoutaka. Masonara wengi hawauzi vifaa vyao, lakini watakuelekeza anayewaletea, na huyo ndiye unayemhitaji. Nenda kwa adabu, usiende saa ambayo wateja wa dhahabu wamejaa.

Daktari wa meno, au tuseme maabara inayotengeneza meno ya bandia, ana hazina mbili. Ya kwanza ni vichwa vya kusagia. Kikishakuwa butu kwa jino, kwa mbao bado kikali. Angalia shina lake: lile la milimita 2.35 linaingia kwenye mashine nyingi ndogo za kuchongea zinazouzwa madukani, lile jembamba la milimita 1.6 litakusumbua. Visafishe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla hujavigusa, hilo halina mjadala. Hazina ya pili ni plasta yao, ambayo ni laini kuliko jipsamu ya dari. Ukiimimina kwenye kalibu ya ngazi au nguzo, inatoka na kila mstari wake.

Sasa malighafi. Kwa mtu wa majumba, rafiki yako mkubwa ni fundi wa mabango. Hawa wanatumia ubao mweupe wa plastiki wanaouita Forex, wenye unene wa milimita 3 au 5, na wanatumia perspeksi. Wakishakata herufi za duka la mtu, vipande vinabaki chini. Wewe unaingia mwisho wa siku, unasalimia kwanza.

"Habari za kazi, kaka?"

"Salama. Karibu."

"Naomba mabaki ya ubao huo mweupe, nina kazi ya chuo."

"Yale pale kwenye kona. Chukua unayotaka, ila nifagilie na hayo mengine."

Ufagio unalipa. Nimewaona vijana wakitoka pale na mfuko wa kutosha mtaa mzima wa nyumba, hawakutoa hata senti.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mwanafunzi akilijua mapema anaokoa fedha na usiku wake. Usichague uwiano wa modeli kwanza halafu uanze kutafuta ubao. Tazama kwanza unene wa ubao ulioupata, ndipo uchague uwiano. Chukua ukuta wetu wa kawaida wa tofali la inchi 6. Huo ni milimita 150. Kwa uwiano wa 1 kwa 50 unakuwa milimita 3 kamili, yaani ule ubao wa fundi mabango ndio ukuta wako, huna haja ya kubandika wala kusaga. Ukisema utafanya 1 kwa 100, utahitaji milimita moja na nusu, na hapo umeshajiingiza katika kutafuta. Ukitumia ubao wa sponji wa milimita 5, ule wenye karatasi pande mbili, kwa 1 kwa 50 umejenga ukuta wa sentimita 25, na mwalimu mwenye jicho atakuuliza ni ngome au ni nyumba ya vyumba viwili.

Lakini ule ule ubao mnene ni mali kwa mwenye modeli ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya mji wa Lamu. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za nyumba zile hufika nusu mita, na nyingine huzidi. Kwa 1 kwa 50, nusu mita ni sentimita moja. Hapo bandika vipande viwili vya milimita 5, au tumia lile povu jeupe linalokuja ndani ya boksi la friji na televisheni, ambalo wenye maduka ya umeme wanalitupa. Kumbuka tu kwamba povu hilo halipatani na gundi kali wala rangi ya kupuliza. Litayeyuka mbele ya macho yako. Libandike kwa gundi nyeupe ya mbao, na ulipake rangi ya maji.

Kwa kuta nyembamba za 1 kwa 100 na 1 kwa 200, waendee wachapaji na wajalidi wa vitabu. Ile karatasi ngumu ya kijivu inayowekwa ndani ya jalada gumu inakuja kwa unene wa milimita 1, 2 na 3, na mashine yao ya kukatia huacha vipande virefu vilivyonyooka kuliko utakavyoweza kunyoosha wewe. Vioo vya madirisha viko hapo hapo kwenye duka la kutoa nakala: lile jalada la plastiki angavu la kubandika mbele ya ripoti. Nondo za madirisha na vyuma vya roshani ni nyaya za shaba, na nyaya za shaba wanazo mafundi wa kusuka mota, kuanzia nyembamba kama uzi hadi ya unene wa kijiti cha meno. Wanauza kwa uzito, ila vipande vifupi hawana kazi navyo.

Na paa? Mabati ndiyo sura ya miji yetu, na modeli yenye paa la karatasi tupu haifanani na Mbagala wala Kibera. Bati letu la kawaida la migongo lina milimita 76 kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Gawa kwa 50, unapata milimita moja na nusu. Sasa nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba nondo ya hesi ya M10, ile yenye hesi toka mwanzo hadi mwisho, ambayo nati yake hufunguliwa kwa spana namba 17. Hesi yake ya kawaida ina hatua ya milimita moja na nusu. Angalia isiwe hesi nyembamba kama ya baadhi ya bolti za magari. Chukua foili nene ya vile vyombo vya kubebea chakula, iweke juu ya kipande cha ndala, ubiringishe nondo juu yake kwa kuikandamiza. Unapata bati la 1 kwa 50 kwa kipimo chake halisi. Lipake rangi ya kijivu, halafu ya kutu kidogo kwenye kingo, na hata fundi paa atalisogelea. Kwa modeli kubwa ya 1 kwa 20 huna haja ya nondo. Menya karatasi ya juu ya boksi jembamba la vifaa vya umeme, mawimbi ya ndani yanakaribia kipimo.

Tuwageukie watu wa mbao na vyombo vya baharini, nao wana shida tofauti. Vitabu vya Kizungu vyote vitakwambia utafute balsa. Balsa hutoka zaidi Ekuado, ni nyepesi ajabu, na kuiagiza kwa ajili ya jahazi la mapambo ni kupoteza fedha. Hata hao Wazungu wenyewe, wale mabingwa wa modeli za meli, hawaitumii balsa kwa kazi ya kuonekana kwa sababu nyuzi zake ni legevu na kingo zinavunjika. Wanachotafuta ni mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, ili ubao wa upana wa milimita 4 uonekane kama ubao na usionekane kama kuni. Miti ya namna hiyo tunayo uani. Mpera, mlimau na mchungwa ina mbao nzuri sana kwa kazi hii. Watu wanapopogoa matawi, chukua, paka rangi au nta kwenye ncha zilizokatwa ili yasipasuke, yaweke kivulini yakauke miezi kadhaa. Na mpera una faida ya pili: matawi yake yamepinda kwa asili. Fundi wa jahazi la kweli kule Nungwi au Matondoni hatafuti mataruma kwenye mbao zilizonyooka. Anatafuta mti uliopinda vile anavyotaka, maana nyuzi zikifuata mkunjo taruma halivunjiki. Fanya vivyo hivyo na kitawi cha mpera, na jahazi lako litakuwa na mifupa ya haki.

Kwa mbao kubwa kidogo, Dar es Salaam nenda Keko kwa watengeneza fanicha. Chini ya meza za mashine kuna vipande vya mninga, mkongo na mtiki ambavyo jioni vinakwenda jikoni kwa mama ntilie. Mtiki ni mzuri kwa sitaha na mkuku. Mninga unapendeza kwa macho ila nyuzi zake ni kubwa mno kwa kitu kidogo, uache kwa kibao cha kuwekea chombo. Mwenge, kwa wachonga vinyago, kuna vipande vya mpingo. Huo ni mzito kiasi cha kuzama majini na unakula meno ya msumeno, lakini kwa makapi ya kamba, vishikizo na shikio la usukani hakuna mti unaoupita. Unasagika hadi ukubwa wa punje ya mchele bila kubomoka.

Mengine ya chombo yako nyumbani. Chelewa la ufagio linatosha foromali ya mtumbwi mdogo. Kijiti cha mishikaki ni mlingoti. Tanga ni bafta, ile nyembamba, ichovye kwenye chai ya rangi ipate sura ya kitambaa kilichokaa juani. Uzi wa kushonea viatu, uliopitishwa kwenye nta, ndio kamba zako. Na kutoboa matundu ya misumari, usidharau keekee. Ile ya wazee wa majahazi, ya upinde, ukiitengeneza ndogo yenye sindano iliyonolewa ubapa, inatoboa tundu la nusu milimita polepole bila kupasua ubao. Mashine ya umeme ingeshapasua.

Anayetaka kuona vipimo vya vyombo vyenyewe kabla hajakata mti, makumbusho ya Lamu yana modeli za vyombo vya pwani za kujifunzia. Pale Zanzibar, ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, palikuwa na mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa, uliojengwa upya kwa ukubwa wake, lakini jengo lile lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020.

Gundi nitaipitia upesi. Gundi kali ya vitone nunua tubu ndogo ndogo nyingi, usinunue chupa kubwa kwa tamaa ya bei, maana inaganda kwa unyevu, na unyevu wa pwani hauhitaji kualikwa. Bonyeza tubu dukani: ikiwa ngumu, imeshakufa. Ufa mkubwa ujaze kwa magadi ya kuokea kisha udondoshe tone la gundi hiyo, inakuwa jiwe papo hapo, na moshi wake usiuvute. Kwa mbao, gundi nyeupe. Kwa chuma na mbao, ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Vibanio ni vya nguo na vya nywele, basi.

Rangi ina hadithi nzuri zaidi. Edward Saidi Tingatinga alipaka picha zake kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na wanafunzi wake wameendelea na rangi hiyo tangu alipofariki mwaka 1972. Rangi hiyo ni ndugu wa ile inayouzwa Uingereza kwa kopo la mililita 14 kwa ajili ya ndege na meli za plastiki. Yetu ni mbichi zaidi, inahitaji kuzimuliwa kwa tapentaini na kupakwa tabaka mbili nyembamba mahali pa moja nene, lakini inashika. Kwa nyumba, wachanganya rangi za magari watakupimia kiasi kidogo cha rangi yoyote uliyowaonyesha, na kwao pia utapata msasa wa maji, namba 400 hadi 1000, ambao duka la mbao halina. Maduka ya urembo yana rangi ya kucha, chupa yenye brashi yake ndani, ya kutosha kabisa kwa milango ya rangi na taa za gari. Mswaki wa zamani unarushia vumbi la rangi ukutani. Miti inatengenezwa kwa nyaya za shaba zilizosokotwa na vipande vya dodoki, na majani makavu ya chai ndiyo takataka za chini ya mwembe.

Kuna vitu, nikiri, ambavyo mjini hutavipata kwa urahisi: koleo za kukatia plastiki za ncha nyembamba, michoro ya kubandika yenye herufi ndogo, watu wa plastiki wa kipimo halisi, magurudumu ya treni ya 1 kwa 87. Hivyo agiza, au mwombe ndugu anayekuja likizo kutoka Muscat au Toronto. Lakini usimwombe rangi wala thina wala gundi yenye harufu kali. Ni vitu vinavyowaka, ndege na posta za anga huvizuia, na ndugu yako atanyang'anywa uwanjani huku akikulaani. Wembe uwe kwenye begi la chini, kamwe usiwe la mkononi. Na anayeagiza mwenyewe kwa mtandao ajue kwamba kwenye orodha ya forodha modeli za kupunguzwa ziko namba 95.03 pamoja na wanasesere na baiskeli za watoto za magurudumu matatu. Hakuna mlango wa pembeni kwa sababu wewe ni msomi. Hesabu bei, usafiri na ushuru kwa pamoja kabla hujabonyeza, utakuta mara nyingi kifurushi cha nyasi za bandia kinakugharimu kuliko kiwanja cha modeli nzima, na unga wa mbao kutoka Keko, uliochovywa rangi ya kijani na kuanikwa, ungekaa pale pale na nusu ya watazamaji wasijue.

Nimemaliza na wanunuzi, nina neno na wauzaji. Mama au kaka mwenye duka la vifaa vya shule karibu na chuo kinachofundisha usanifu, vijana hawa wanapita mbele ya duka lako kila siku wakienda mjini kutafuta vitu vitano tu: mpini namba 3, wembe namba 11, rula ya chuma ya sentimita 30, karatasi ya kijivu ya milimita 1 na 2, na gundi nyeupe. Viagize kidogo, viweke kaunta mahali vinapoonekana. Wiki ya kukusanya kazi watakuja hadi saa ya kufunga.